Mwanana Ameniharibia Chuo na Nyumba

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Kiwanda cha Kuchapa,
ambaye pia ni shemeji yangu.

Kutoka kwa Mkuu wa Chuo cha Ushonaji.

YAH: OMBI LA KUZISIMAMISHA KAZI HERUFI ZIITWAZO MWANANA

Mheshimiwa Shemeji,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe pamoja na mama watoto, mafundi wako wote, na mgeni wako wa wiki ya tatu sasa, ambaye ni mke wangu. Sisi huku tu wazima. Ninaposema sisi nina maana ya mimi na paka.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kirasmi ilhali kutoka kwangu hadi kiwandani kwako ni kuvuka barabara mbili tu. Sababu ni kwamba nimekwisha kuja mara nne. Mara zote nne ulinivutia kiti, ukanimiminia chai, ukanionyesha kadi mpya zikiwa bado zina joto la mashine, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimekusifu. Wewe ni mtu asiyelalamikika uso kwa uso. Nimeona afadhali nikae mbali na birika lako niseme yangu kwenye karatasi.

Nianze kwa kutenda haki. Sina ugomvi na uzuri wa Mwanana. Nakumbuka siku uliponiita nimwone kwa mara ya kwanza. Kwenye kompyuta alikaa yule binti ambaye kiwanda kizima kinamwita Enta, kwa kuwa hata umweleze mambo ya nusu saa, hujibu neno moja tu kisha hubonyeza. Aliandika "Karibu". Ile K iliinama kama mwenyeji anayekupisha mlangoni, na mkia wa r ukaenda kuishika b kiunoni. Ukanieleza kwamba herufi hizi zimeiga mkono wa mtu aandikaye kwa kalamu ya wino bila haraka, nene pale kalamu inaposhuka, nyembamba inapopanda. Nilihisi nimekaribishwa kweli, na nilikuwa nimekwisha kuketi.

Enta siku ile alisema zaidi ya neno moja. Alisema Mwanana ana masharti yake. Asibanwe. Asiandikwe kwa herufi kubwa tupu, maana zinakanyagana mikia. Asifanywe mdogo kuliko punje ya mchele. "Ni wa harusi, manukato, saluni, boksi la keki, na jina la mtoto mchanga," akasema. "Asipewe kazi ya kutoa amri. Akiamuru, anaona haya."

Ningemsikiliza binti yule, leo ningekuwa nina chuo na nina mke. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. KUHUSU KIBAO. Mwaka jana, chuo kilipotimiza miaka ishirini, ulijitolea kututengenezea kibao kipya kama zawadi. Nilikaa nikayaandika maneno, nikampelekea Enta: Chuo cha Ushonaji, Karibuni Wote. Akasema, "Sawa," akabonyeza. Kibao kilikuja kimefungwa vizuri, maandishi ya rangi ya dhahabu juu ya buluu iliyoiva. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilivuka ng'ambo ya barabara nikasimama nakitazama kwa mbali, jinsi kilivyong'aa, mpaka nikapigiwa honi.

Kesho yake asubuhi akaingia bwana mmoja mwenye suti na mkoba, anatembea kwa hatua fupi fupi. Nilimpokea kwa furaha, maana wanaume wenye suti hawaji mara kwa mara kujifunza kushona.

"Ni wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ajiandikishe kwanza.

"Mzee wangu, sina muda wa kujiandikisha."

Nikamtuliza kwamba hata wasio na muda tunawafikiria, kwa hiyo tuna kozi ya mwaka mzima na kozi ya miezi sita.

"Mimi dakika tano zinanitosha," akasema, na jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso.

Nikamweleza kwa upole kwamba ndani ya dakika tano hakuna mtu aliyewahi kutoka kwetu na kitu cha maana. Hakunisubiri nimalize. Akampita mlinzi wetu, yule tunayemwita Mzee Funguo, akafungua mlango wa darasa la cherehani, akaufunga, akafungua wa stoo, akaufunga, na mwishowe Mungu akamwongoza. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema hajapata kuona mahali safi namna hii, na kwamba wazo la kuwaweka kina mama wanashona hapo karibu ni zuri sana, linampa mtu utulivu.

Nikatoka nje kukisoma kibao. Herufi u ya Mwanana, shemeji, haiachi mikono yake wazi kama u za watu wengine. Inaikunja juu ya kichwa, kidole kinagusa kidole, na pale nilipotaka u pakakaa o. Choo cha Ushonaji, Karibuni Wote. Na wote wamekaribia. Siku ya kawaida tunapokea kumi na wawili hadi ishirini. Siku ya soko huwa sihesabu. Wanafunzi wapya tangu kibao kisimamishwe ni wawili, na mmoja wao alikuja kwa shida ile ile ya wenzake, akapita karibu na mashine, akabadili nia.

2. KUHUSU SWICHI KUU. Kwenye korido yetu lipo boksi la umeme lenye swichi kuu, na mlango wake umelegea. Nikaagiza kwako kibandiko cha neno moja: Hatari. Neno moja, shemeji, mtu ataliharibu vipi? Mwanana akaichukua ile t akaipa tumbo. Kikarudi kibandiko chekundu chenye maandishi meupe yanayosema Habari, na chini yake mstari uliopinda kama mdomo unaotabasamu.

Tangu hapo hakuna apitaye bila kujibu. Wengine husema "Nzuri" wakiwa wanaenda zao. Wanafunzi wenye adabu zaidi husimama. Mzee Funguo, ambaye amelelewa vizuri kuliko sisi sote, hawezi kuitikia salamu bila kutoa mkono. Akautoa. Umeme ulimrusha mpaka kwenye lundo la vitambaa vya mazoezi, na namshukuru Mungu kwamba lilikuwa lundo kubwa. Nilipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kwani nimejibu vibaya?" Siku hizi humsalimu yule wa ukutani kwa mbali, akiwa amevaa glavu.

3. KUHUSU VYETI. Niliandika "amefuzu". Kimechapwa kitu ambacho kila mwenye macho husoma "amefuja". Mhitimu wetu bora alikipeleka cheti kwenye karakana ya kushona sare, msimamizi akakisoma kwa sauti: amefuja mafunzo ya ushonaji kwa miaka miwili, na chuo kinajivunia. Kisha akamwambia, "Binti, vyuo vyote huficha. Chuo chenu ndicho cha kwanza kusema ukweli." Akamwajiri papo hapo. Wenzake kumi na wanane hawakukutana na msimamizi mpenda ukweli.

4. KUHUSU MWALIMU WA MIKASI. Huyu unamfahamu. Kwa miaka tisa amefundisha kukata vitambaa, na kwa miaka tisa haijatoka suruali ambayo miguu yake miwili imekubaliana urefu. Alikuwa akifika kazini wakati wengine tunaosha vikombe. Nilivumilia, nikamsema, nikamwonya, na mwishowe nikaandika barua. Kwa kuwa mimi si mtu wa maneno makali, niliandika hivi: "Nakuarifu kwamba kazi yako katika chuo hiki imekoma. Nakutakia heri katika safari iliyo mbele yako."

Nilitaka ichapwe kwa herufi za kawaida. Wewe ndiye uliyesema, huku unamimina chai, kwamba barua kama ile iwe na staha, mtu asiumie mara mbili. Ikachapwa kwa Mwanana, kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa. Sasa wewe mwenyewe unajua tabia ya Mwanana akifika mwisho wa neno. Hawezi kunyamaza. Ile a ya mwisho aliipa mkia, mkia ukazunguka, ukarudi, ukafanya a nyingine. Kazi yako katika chuo hiki imekomaa.

Mwalimu aliisoma amesimama dirishani. Nikaona macho yake yamelowa. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na leso mfukoni kwa ajili yake.

"Mkuu," akasema, "miaka tisa nilidhani hakuna anayeona."

Akanikumbatia. Kesho yake mkewe alikuwa ameitia barua kwenye fremu ya kioo na kuitundika sebuleni, na majirani wameitwa waje kuisoma. Jumatatu alifika kabla Mzee Funguo hajafungua geti, amebeba keki. Nilijaribu mara mbili kumweleza ukweli. Mara ya kwanza alikuwa ananikatia kipande. Mara ya pili alikuwa ananitambulisha kwa mama yake mzazi, ambaye amekuja kwa fimbo ili amwone mtu aliyemwona mwanawe. Shemeji, wewe ungeweza?

Mpaka leo yupo. Anafika mapema kuliko wote. Anapima mara tatu kabla ya kukata. Wiki iliyopita ilitoka suruali yenye miguu sawa, tukaipitisha darasa hadi darasa. Na hili nalo nalilalamikia, maana hata sababu ya kumfukuza nimenyang'anywa.

5. KUHUSU HALMASHAURI. Mkaguzi wa vyuo alikuja kutukagua. Ni mama makini, huandika kila kitu. Alipita mtaa wetu kwenda na kurudi mara tatu akitafuta chuo. Alinipigia simu, sikuipokea kwa kuwa nilikuwa nawaonyesha njia watu wa namba moja hapo juu. Akaandika ripoti: "Chuo hakikuonekana. Mahali pake pana choo." Ofisi ya elimu ikatufuta kwenye orodha ya vyuo, na kwa kuwa ni ofisi yenye mpangilio mzuri, ikalihamishia faili letu mlango wa pili, kwa afisa wa afya.

Afisa wa afya alikuja amevaa koti jeupe, ana tochi mkononi. Alikagua kwa saa mbili. Nilimfuata nyuma nikimwambia kila hatua kwamba hiki ni chuo. Mwishowe akanigeukia, akasema kwa sauti ya kunionea huruma, "Mzee, kila mwenye choo kizuri hukionea fahari." Akaniachia hati ya daraja la kwanza. Usafi: wa hali ya juu. Harufu: ya vitambaa vipya. Kasoro: cherehani kumi na nne, hazihusiki, ziondolewe kabla ya mwisho wa mwezi.

Hapa sicheki tena. Ninao wanafunzi ishirini na wawili wanaosubiri mtihani wa mwisho. Wapo walioacha watoto wadogo kwa bibi zao ili wamalize. Nimeiandikia bodi ya mitihani, nayo imenijibu kwa adabu kwamba haina utaratibu wa kupeleka karatasi za mtihani chooni.

6. KUHUSU KADI. Hapa naomba ukae, kama ulikuwa umesimama.

Mwezi uliopita mimi na dada yako tulitimiza miaka thelathini ya ndoa. Nikasema safari hii sitanunua kadi iliyoandikwa na watu nisiowajua. Nikatunga yangu, nikailetea Enta: "Mke wangu mpenzi, miaka thelathini si mchezo." Mwanana akazichanganya zile herufi za katikati, akazikunja kunja kama mtu anayesuka, ikatoka, "Mke wangu mpuuzi, miaka thelathini si mchezo." Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukiisoma hivyo, inaleta maana.

Ulikuwepo. Mama watoto alikuwepo, na majirani wa pande zote mbili. Dada yako alifungua bahasha mbele ya wote, akasoma, akaiweka kadi juu ya meza, akanywa maji. Kisha akaniuliza polepole, "Ndivyo ulivyoniandikia?"

Nami, ambaye sikuwa nimeifungua kadi ile tangu itoke kwako, nikamjibu kwa sauti ya kusikika, "Kila neno limetoka moyoni. Nimekaa nalo miaka thelathini, leo nimetaka na watu wasikie."

Majirani walianza kutafuta viatu vyao. Dada yako aliingia chumbani, akatoka na sanduku, akaja kwenu. Sanduku ulilibeba wewe. Ukaniambia, "Pole, shemeji," na nakiri kwamba ulilisema vizuri.

Tangu hapo ninaishi na mambo nisiyoyajua. Sijui sukari inakaa wapi. Chai naifuatisha na biskuti, ndiyo utamu. Shati langu la Ijumaa limepungukiwa kifungo, nami ni mkuu wa chuo cha ushonaji. Nyumba imekuwa na sauti ya saa ya ukutani, ambayo kwa miaka thelathini sikuwahi kujua kwamba inatoa sauti. Paka huenda akakaa kwenye kiti cha dada yako, akanitazama kama anasubiri nimweleze.

KWA HIYO BASI naomba yafuatayo.

Kwanza, Mwanana asimamishwe kazi kuanzia leo, uchunguzi ufanyike, na wakati wa uchunguzi asisogee karibu na neno lolote.

Pili, kama itaonekana kwamba hawezi kusimamishwa kwa sababu maharusi wa mji mzima wanamtaka, basi apewe leseni kama dereva, na leseni hiyo imruhusu kuandika tu yale maneno ambayo yakisomwa vibaya hayamdhuru mtu. Katika kukusaidia nimejaribu kutengeneza orodha. Nimeipitia kamusi nzima, ukurasa kwa ukurasa, tangu herufi ya kwanza. Nilipofika kwenye "ua" nikakata tamaa, maana neno lile hata likisomwa sawasawa, ama umempa mtu kitu cha kupendeza au umemtuma kwenda kumtoa mwenzake roho.

Tatu, herufi u zote za kiwanda chako ziamriwe kuweka mikono wazi. Itakayokutwa imefumba, ihesabiwe kuwa o na ipangiwe kazi za o.

Nne, uje wewe mwenyewe na ngazi ukishushe kile kibao, kisha ufuatane nami kwa mama mkaguzi, kwa afisa wa afya, na kwa bodi ya mitihani, ueleze ofisi zote tatu kwamba wanafunzi wangu ni wanafunzi.

Tano, umwambie dada yako, kwa kinywa chako, kwamba niliandika "mpenzi".

Nimeyasoma tena maombi yangu na nimeona ni mengi kwa mtu mwenye shughuli kama wewe. Ukishindwa kuyatimiza yote, timiza hilo la tano peke yake. Mengine nitayabeba. Hata choo nitakiendesha.

Nakuomba unisalimie mama watoto na umwambie zile sahani zake nitazirudisha. Msalimie Enta, na yule fundi wa mashine ya kukatia karatasi, ambaye hunipungia mkono dirishani ingawa sijui jina lake. Wasalimie watoto wote, kuanzia yule wa chuo kikuu mpaka yule anayeota meno. Mwambie dada yako kwamba paka anamsalimu, na kwamba hakutumwa.

Ni mimi, wako katika kazi na katika ukoo,

Mkuu wa Chuo
(CHUO, shemeji. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi.)

Tanbihi: Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii mlango ulipogongwa. Alikuwa dada yako, na nyuma yake Enta, amekumbatia faili. Kumbe Enta hutunza kila karatasi anayoletewa na mteja. Alinipangia tano juu ya meza, moja baada ya nyingine, zote za mkono wangu mwenyewe.

"Soma," dada yako akasema.

Nikavaa miwani. Choo cha Ushonaji. Habari. Amefuja. Imekomaa. Ile ya tano niliisoma kimyakimya, kisha nikakaa. U zangu zote zimefungwa juu, shemeji, na sijui zilianza lini. Enta akatoa kitabu cha sampuli, akanionyesha u ya Mwanana. Iko wazi kama kikombe.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba kwenye "Choo" alikuuliza wewe, nawe ukamwambia, "Ni shemeji yangu, huwezi jua." Baada ya hapo akawa anachapa tu nilichoandika. Na mara zile nne nilizokuja kulalamika, hakuna aliyemuuliza yeye.

Nikamwambia dada yako kwamba nilikusudia "mpenzi". Akasema anajua. Enta alimwonyesha karatasi ile wiki ya kwanza tu, naye mkono wangu anaujua. Wiki mbili zilizobaki amekaa kwenu akihesabu siku, aone nitachukua muda gani. "Umekwenda kiwandani mara nne kuulizia herufi," akasema. "Nyumbani kwa kaka yangu ni mlango unaofuata. Hukuja hata mara moja kuniulizia mimi." Nikamwondoa paka kwenye kile kiti, nikamvutia akae.

Kisha akaniambia jambo ambalo hajaniambia kwa miaka thelathini. Zile barua nilizomwandikia kabla hatujaoana, zaidi ya ishirini, hakuweza kusoma hata moja. "Nilikuwa nakisia," akasema. Nikamuuliza alikuwa anakisia nini. Alikwenda jikoni, akarudi na sukari.

Kwa hiyo naondoa lalamiko la kwanza hadi la sita, pamoja na maombi yote. Enta yuko nje juu ya ngazi na kopo la rangi, anaifungua ile herufi. Mama mkaguzi amekubali kuja tena Alhamisi, na bodi imesema ikipata ripoti yake italeta karatasi za mtihani. Mwalimu wa Mikasi abaki. Naagiza pia vyeti kumi na vinane vipya, kwa Mwanana yule yule, maana sijaona herufi nzuri kama zile; maneno ataandika dada yako.

Nilitaka kuichana barua hii. Dada yako ameitazama ukurasa kwa ukurasa, akasema niitume tu kama ilivyo, kwa sababu hutaweza kuisoma.